Mstari Nilioruka

Mwanangu Kokushubira,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kumjulia hali aliye mbali: mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako. Leo mambo yamegeuka. Wewe bado hujawa mbali. Umelala hapa, mguu mmoja umeutoa nje ya neti kama kawaida yako, na nikinyoosha mkono nakugusa. Hofu ndiyo ileile.

Kesho asubuhi Bibi Adventina, mama yake baba yako, atakuchukua kwenda Muleba. Mtapanda basi stendi ya Nyegezi. Una miaka miwili na miezi minne, kwa hiyo safari hutaikumbuka, wala chumba hiki, wala jiwe kubwa la nyuma ya nyumba ambalo unaliamkia kila siku, "Shikamoo jiwe," halafu unajiitikia mwenyewe kwa sauti nene. Hilo la kusahau ningeweza kulivumilia. Nisiloweza kulivumilia ni hili: imeamuliwa kwamba ukifika kule utamwita Bibi "mama", na mimi nikija likizo nitakuwa dada yako wa Mwanza. Dada Kabula. Eti ili nirudi shule bila kunyooshewa kidole, na wewe ukue bila kuulizwa maswali. Kila aliyesema hivyo alisema kwa nia njema. Na mimi niliulizwa kama nimekubali.

Nilikaa kimya.

Mambo ya uji, na neti, na lile jicho lako linaloshikana asubuhi, nimemwandikia Bibi kwenye karatasi nyingine. Humu nataka kukueleza nilivyokosea. Kosa lenyewe lilianzia kwenye kompyuta, kwa hiyo itabidi univumilie. Mimi kwa mdomo siwezi kueleza kitu, unapokuwa mkubwa utaambiwa na watu: Kabula ukimuuliza jambo anaangalia vidole vya miguu. Kwa kalamu angalau najaribu.

Mjomba Deo, huyu unayemwita Babu Deo na kumvuta ndevu, ni kaka yake marehemu mama yangu. Serikali ilimpeleka kusoma Urusi enzi zile, akakaa miaka sita, akarudi na cheti na koti moja zito ambalo Mwanza halina kazi. Akaajiriwa kwenye shirika la umma. Shirika likauzwa, wakapunguzwa, akatoka na meza mbili na feni. Kwa meza hizo akafungua duka hapa Mkuyuni, jirani na soko, la kutengeneza taipureta na redio, na baadaye kompyuta, maana wenye viwanda vya samaki walianza kuziingiza mjini.

Kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kililetewa kompyuta kubwa, iliyokwisha kutumika huko Ulaya, yenye prosesa mbili. Prosesa ni ubongo wa kompyuta. Nyingi zina mmoja tu. Hiyo ilikuwa na bongo mbili, na Mjomba alizitaja kama watu, basi na mimi nitazitaja hivyohivyo. Umeme ukiwashwa, wawili hawa hawaamki pamoja. Anaamka wa kwanza. Wa pili anabaki usingizini mpaka wa kwanza amwite. Wa kwanza akishaita, anasimama palepale kungoja jibu, na jibu lisipokuja hafanyi kitu kingine chochote. Hachoki, hakasiriki, hasemi basi. Anangoja.

Disketi za kuiwashia hazikuja nayo. Kilichokuja ni kitabu kinene cha Kiingereza. Mjomba akaambiwa aandike mwenyewe programu ya kuwaamsha hao wawili, na akifanikiwa, kompyuta zote za kiwanda zitakuwa chini ya mkono wake. Kirusi chake kilikuwa kama maji. Kiingereza kilimpiga chenga.

Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimefukuzwa shule nikiwa Kidato cha Tatu, tumbo lilipoonekana. Baba yako alibaki shuleni, akamaliza, sasa yuko chuoni Dar es Salaam. Sina la kumsema zaidi ya hapo, kwa sababu na yeye hajasema. Baba yangu hakunipiga. Aliacha tu kuniita kwa jina. Alisema "huyu": huyu amekula? huyu amerudi? Mjomba ndiye aliyekuja akasimama mlangoni: "Shemeji, huyo unayemwita huyu anajua Kiingereza. Nipe mimi." Nikaanza kwenda dukani, wewe mgongoni, kumsomea kitabu.

Mwanangu, sijui nikueleze vipi nilivyokuwa na furaha. Nilikaa nyuma ya pazia, watu hawanioni, nasoma mstari kwa Kiingereza kimoyomoyo, naugeuza Kiswahili kwa sauti, Mjomba anaandika.

"Kabula, hili neno refu hili ni nini?"

"Ni 'kabla', Mjomba."

"Kabla tu? Sasa ndiyo walirefushe hivyo kama treni ya Tabora?"

Kule kiwandani walimruhusu kuigusa kompyuta yao Jumapili mchana peke yake, ofisi zikiwa zimefungwa. Siku nyingine zote alikuwa na kitabu tu. Basi akafanya jambo ambalo hadi leo nikilifikiria nasisimka. Ndani ya kompyuta yetu kuukuu ya dukani aliandika programu inayojifanya ile kompyuta kubwa: ina wa kwanza wake, ina wa pili wake, ila haina chuma wala waya. Ukikosea, hakuna kinachoungua. Akatafuta jina. Akasema, kitu hiki ni kama upepo, kipo lakini hukishiki. Tukiite mashine pepe.

Mashine pepe iligoma siku ya kwanza. Mjomba alikuwa ameipanga iandike kwenye skrini kila hatua inayofika. Ikaandika hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya saba, kisha:

NANGOJA WA PILI

Ikaishia hapo. Tukanywa chai, tukarudi, NANGOJA WA PILI. Akazima, akawasha, hatua saba, NANGOJA WA PILI. Wiki ya kwanza akadhani wa pili anaambiwa aanzie mahali pasipo sahihi kwenye kumbukumbu ya mashine, akapahamisha. Wiki ya pili akadhani jibu linaandikwa kwenye kisanduku ambacho wa kwanza hakiangalii, akakibadilisha. Akaweka alama kwenye kila mstari, kama mtu anayemwaga majivu njiani ili aone nyayo. Nyayo za wa kwanza zilikuwa zimejaa. Za wa pili hakuna hata moja.

Jirani yetu Mzee Masanja, fundi cherehani wa barazani, akawa anaingia kila asubuhi kuchungulia.

"Bado anangoja wa pili?"

"Bado, Mzee."

"Mwambieni hata mimi nangoja wa pili. Tatizo ni wa kwanza, hajakubali."

Tulicheka. Lakini lile neno nalo likatoka dukani likatembea. Masanja alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba Deo ana mashine pepe, na wateja, ambao hawajawahi kusikia "pepe", walisikia walichokijua. Baba alirudi kanisani Jumapili moja akaniuliza, huku ananiangalia kwa mara ya kwanza baada ya miezi, "Hivi ni kweli mnafuga mashine ya pepo na mtoto yupo humohumo?" Ilikuwa ni kusema neno moja tu: si pepo, Baba, ni pepe. Nikaangalia vidole vyangu.

Sasa nikwambie la Jumanne.

Umeme ulikatika tangu asubuhi. Mjomba alikwenda Kirumba, ukabaki wewe na mimi. Ulikuwa umelala juu ya lile koti la Urusi. Nikavuta kiti mlangoni penye mwanga nikakifungua kitabu, si kwa kazi, ni kujisomea tu, kama nilivyokuwa nikisoma zamani. Nikafika ule ukurasa wa kuamsha. Na pale, kwa herufi zilezile nilizokwisha kuzipitia, nikaona imeandikwa hivi, mimi nakuandikia Kiswahili chake:

Peleka ishara ya kuamsha.
Ngoja kidogo.
Peleka ishara ya kuamsha.
Ngoja kidogo.
Kisha ngoja jibu.

Mjomba nilikuwa nimemsomea hivi: peleka ishara ya kuamsha, ngoja kidogo, kisha ngoja jibu. Mara moja.

Utanielewa tu kama umewahi kusoma shule kama yetu. Kitabu kimoja tulishirikiana wanafunzi sita. Tulichokisoma hasa ni notisi za stensili, na mchapaji wa shule alikuwa mzee anayesinzia. Akizinduka anarudia mistari aliyokwisha kuichapa. Sisi sote tulijua: mistari ikijirudia, ruka. Mwalimu wa Historia alimtandika fimbo aliyenakili marudio. "Wewe ni mwanafunzi au mashine ya kudurufu?" Kwa hiyo jicho langu lilipokutana na mistari miwili iliyojirudia kwenye kitabu cha Ulaya, liliruka lenyewe. Halikuniuliza.

Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, walieleza sababu. Wa pili anapotikiswa kutoka usingizini, kuna muda mfupi ambapo hasikii. Wito wa kwanza unaweza kumpita. Usidhani amekataa, usidhani amekufa. Mwite tena. Na Mjomba, ambaye tabia za wa pili alizichukua kwenye michoro, si kwenye Kiingereza changu, alikuwa amemtengeneza hivyo kwa usahihi kabisa. Mashine pepe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mimi.

Nilikaa pale mlangoni na kitabu mapajani. Na kilichonitisha, Koku, wala si kosa. Nilimwona huyo wa pili. Siku zote tulidhani ama amelala ama hayupo. Kumbe wito mmoja ulimzindua na kumwacha hapo. Yuko macho, gizani, hajui aanzie wapi, na hakuna aliyemkumbuka mara ya pili. Skrini ilikuwa imezimika kwa kukosa umeme, lakini mimi niliyaona yale maneno, na kwa mara ya kwanza niliyasoma kutoka upande wa pili.

Mjomba aliporudi, nilikifunga kitabu.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Sikumwambia. Jumanne sikumwambia, Jumatano sikumwambia. Aliniletea mapanki, yale mafupa na vichwa vya sangara vinavyobaki minofu ikishakwenda Ulaya, akasema, "Kula, mfasiri wangu, ubongo wa samaki unaongeza Kiingereza." Ningemwambiaje? Kiingereza ndicho kitu pekee kilichonitoa kwenye "huyu". Nikikiri kwamba hata hicho kimenishinda, nitarudi kukaa wapi? Nikajidanganya kwamba ataona mwenyewe. Nikakiacha kitabu wazi kwenye ukurasa ule mezani, mara mbili, akiangalie. Akakifunga ili kisiingie vumbi.

Ijumaa kiwanda kikatuma mtu. Kama Jumapili hii haitawaka, wanamleta fundi kutoka Nairobi. Mjomba akakesha kuandika upya sehemu ya wa pili, ambayo ilikuwa sahihi, kwa mara ya nne. Macho yakamwingia ndani. Alisema tu, "Labda nilichosoma Urusi kilikuwa cha Urusi."

Jumapili hiyo hiyo Bibi Adventina alifika kutoka Muleba, na kikao kikakaa kwetu mchana.

Upande wangu angekaa Mjomba. Ndiye ndugu wa mama, ndiye mwenye mdomo, na ndiye aliyekujua. Hakuwepo. Alikuwa kiwandani, akijaribu kwa mara ya mwisho programu yenye mstari niliouruka. Ningemwambia Jumanne, Jumatano angemaliza, na Jumapili kompyuta ingewaka mara moja, akawahi kurudi kukaa pembeni yangu. Nimeligeuza hili jambo kila upande na halina upande mwingine.

Bibi yako si mtu mbaya. Nataka ulijue hilo kwanza kutoka kwangu. Ni mwalimu mstaafu, anaongea taratibu, na ulipompandia mapajani bila kualikwa alikutengenezea nafasi kama aliyekungoja. Alisema hajaja kugombana. "Nimeambiwa mtoto anashinda dukani kwenye mashine ya pepo. Mimi siamini mambo hayo, ila nauliza: huyu binti atasoma lini, na mtoto atalelewa na nani?" Baba akasema hata yeye hilo linamnyima usingizi. Mzee wa kanisa, aliyeitwa kusimamia kikao, akasema lililo jema lisicheleweshwe. Wakaenda hivyo, kwa upole, hatua kwa hatua, mpaka wakafika kwenye neno "dada". Sijui alilitaja nani. Lilikuja limekwisha kulainishwa.

Kisha Baba akanigeukia. Akaniita kwa jina. "Kabula, umesikia. Umekubali?"

Nilikuwa sijaitwa jina langu na baba yangu muda mrefu, Koku. Nilishtuka. Nilikuwa bado niko kwenye kule kuitwa. Swali lenyewe lilinipita. Nilijua tu kwamba nikifumbua mdomo nitalia mbele ya wageni. Nikaangalia chini. Nilikuwa nakusanya maneno. Nilihitaji muda kidogo tu.

"Msichana akinyamaza amekubali," mzee wa kanisa akasema kwa wema, na wote wakaitikia, na Bibi akafumba macho wakasali.

Mjomba alirudi jioni ananuka samaki. Haikuwaka. Nilipomwambia la kikao alivua viatu akabaki amevishika. Kesho yake alikwenda kwa Baba. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nilisikia.

"Shemeji, kikao hiki kilipaswa kuningoja."

"Kikao kimekwisha, Deo. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikasikia viatu vyake vinatoka.

Nilimwambia Jumatano. Sikumwambia kwa mdomo. Niliandika ile mistari mitano kwenye karatasi, nikaiweka juu ya kibodi, nikakaa nyuma ya pazia nimekukumbatia mpaka ukalalamika. Nilisikia kiti. Nilisikia karatasi. Kisha vidole vinaandika, kidogo sana, maana kilichokuwa kinatakiwa ni mistari miwili. Halafu Mzee Masanja, aliyekuwa ameingia na futi yake shingoni, akapiga kelele:

"Deo! Kumbe alikuwepo!"

Nikachungulia. Hatua ya saba, ya nane. WA PILI: NIPO. Baada ya siku zote zile, NIPO, kwenye mstari wake mwenyewe, mweupe kwenye skrini nyeusi.

Masanja alipotoka kwenda kuwatangazia watu, Mjomba aliniuliza bila kugeuka.

"Umeujua huu mstari tangu lini?"

"Jumanne, Mjomba."

"Jana?"

"Jumanne ile nyingine."

Alikaa akihesabu. Nilimwona anaipita Jumatano, Ijumaa, anaifikia Jumapili. Fundi wa Nairobi alikuwa amekwisha kuingia. Nilingoja anifukuze. Alisema, "Kutafsiri ulikosea, hilo halina neno, hata mimi ningeruka. Lakini hizi siku nane..." Akazima kompyuta kwa kidole. Hakumalizia, na mpaka leo hajamalizia, ingawa bado ananiita mfasiri wake na bado ananiletea mapanki. Ile sentensi naisikia kila ninapoingia dukani. Iko pale kwenye kiti.

Sina mausia mengi. Miaka kumi na tisa haijanitosha kupata mausia. Nakuambia tu nilichokiona: sikuzote nilidhani kunyamaza ni kukaa mahali pamoja, kwamba usiposema, mambo nayo yanasimama kukungoja. Mashine ndiyo inayosimama. Watu wanaendelea. Wanachukua ukimya wako wanauweka mahali pa jibu, wala si kwa ubaya, ni kwa sababu wana njaa na basi linaondoka. Ukikosea, sema siku ileile, hata kama sauti itatoka mbaya. Na ukimuuliza mtu jambo zito akakaa kimya, tafadhali usifumbe macho ukasali. Labda hajasikia bado.

Jambo moja tena. Mama yangu alifariki nikiwa Kidato cha Kwanza. Tangu hapo neno "mama" lilikosa kazi kinywani mwangu. Nyumba nzima hakuna wa kumwita hivyo. Nilikuwa nalisikia kwa majirani, watoto wanalipigia kelele ovyo, mama hiki, mama kile, natamani kuwaambia walitumie taratibu. Halafu siku moja kule dukani, kabla hujajua kutembea vizuri, ulisimama umeshika mguu wa meza, ukanitafuta kwa macho nyuma ya pazia, ukalisema. Sikukujibu mara moja. Niligeuka nyuma kuangalia anaitwa nani.

Ndilo neno wanalotaka ulihamishe. Nimelia juu yake vya kutosha na sasa nimenyamaza kulia. Nimepiga hesabu ya moyo wangu nikaona kwamba kwenda, uende. Kule kuna nyumba kubwa, kuna migomba na maziwa, na Bibi anakupenda, na mimi kweli nataka kusoma. Nikisema sitaki nitakuwa nasema uongo. Shule ya jioni wamenipokea. Lakini uende ukiwa mtoto wangu. Hilo ndilo jibu langu na lilitakiwa siku ile.

Nilikuwa nimepanga kuishonea barua hii ndani ya pindo la gauni lako la kitenge, uje uikute mwenyewe. Mzee Masanja alinipa hata sindano. Sasa hivi ninapoandika nimeona kwamba huko nako ni kukiacha kitabu wazi mezani ili mwingine akione. Sitaishona. Bibi amelala chumba cha pili. Anaamka mapema. Nitamfuata jikoni.

*

Naandika nyuma ya karatasi ya mwisho. Kumekucha.

Nilimkuta anachemsha maziwa yako ya safari. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na hapo nikasimama kama mti. Sijui nilisimama kiasi gani. Maziwa yakaanza kupanda. Nikasema, "Bibi, siku ile ya kikao mimi sikujibu." Sauti ilitoka mbaya. Akayaondoa motoni akanigeukia. Nikasema yote nikiangalia ile sufuria: kwamba uende, ila mimi si dada yako, na kwamba nimekuandikia barua inayosema hivyo, na sitaki kuificha, nataka aichukue yeye akutunzie mpaka utakapojua kusoma. Nikasema na ile mashine si ya pepo. Sijui kwa nini nilisema na hilo.

Alikaa kimya kirefu, Koku. Nikataka kukimbia. Lakini safari hii nilijua kimya ni nini, nikabaki.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Hakuniambia wazee watasemaje wala baba yako atasemaje. Alinyoosha mkono akachukua ile bahasha niliyoishika, akaigeuza mbele na nyuma, akaisogeza mbali na macho kama afanyavyo mtu asiye na miwani.

"Hii haina jina," akasema. "Nikifa mimi kabla hajajua kusoma, atakayeiokota atajuaje ni ya nani, na imetoka kwa nani? Nenda kaandike. Herufi kubwa."

Ndiyo nimerudi chumbani. Wewe umeamka, umekaa kitandani na nywele zimesimama, unaniangalia. Nimeandika: KWA KOKUSHUBIRA, KUTOKA KWA MAMA YAKE. Kwenye neno la tano kalamu imevuja kidogo, nimelipitishia tena.

Bibi yako amesimama mlangoni na mkoba wake wazi. Basi halimsubiri mtu, anajua, lakini hajanihimiza. Anasubiri wino ukauke.